TELA LA PIKIPIKI NALO LIWE NA NAMBA

Pikipiki yenye namba, ikifungiwa nyuma tela lisilo na namba, hugeuka mara moja kuwa chombo kisicho na namba. Jambo hili ni jepesi kulitamka, lakini uzito wake barabarani ni mkubwa. Kibao anachokisoma mtu aliye nyuma ya pikipiki kiko juu ya gurudumu la nyuma, karibu na taa nyekundu, na hapo hapo ndipo tela linapofungwa. Magunia ya vitunguu au mapipa ya maji yakishapakiwa, kibao kimefunikwa, taa imefunikwa, na anayefuata haoni kitu ila shehena inayotikisika. Dereva huyo amelipia usajili wa pikipiki yake, amepewa herufi za MC na tarakimu zake, naye mbele ya sheria ni mtu anayejulikana. Lakini mbele ya mtu aliyegongwa na tela lake hajulikani hata kidogo.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa la kuchekesha. Husema kwamba nchi yenye mambo makubwa ya kushughulikia haiwezi kupoteza wakati kujadili mkokoteni uliofungwa nyuma ya bodaboda. Watu wa namna hiyo yafaa wasimame kando ya barabara ya Karatu jioni ya siku ya mnada, kisha waseme tena kama jambo hilo bado linachekesha.

BARABARA MOJA, WATUMIAJI WENGI

Wilaya ya Karatu, iliyomegwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990, ni wilaya ya wakulima. Vitunguu vya Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi, hupanda kuja mjini kutafuta soko. Nyanda za juu hutoa ngano, mahindi, mbaazi na kahawa. Na juu zaidi, ng'ambo ya msitu, iko Ngorongoro, ambako kilimo kilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa muda kuanzia mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena. Mfugaji wa huko hula mahindi yaliyolimwa nje ya hifadhi, na mengi kati ya hayo hupitia Karatu. Kwa hiyo mzigo unaotembea katika wilaya hii ni chakula cha watu kabla ya kuwa biashara ya mtu.

Barabara ya lami inayotoka Makuyuni, ikapita Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Lodoare, yenye urefu wa kilometa 77, ilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni neema kubwa. Lakini lami haina macho. Humpokea kila anayekuja. Juu yake hupita magari ya watalii yanayowahi lango kabla halijafungwa, mabasi ya Loliondo na ya Musoma, malori, matrekta yenye matela, punda wenye mapipa, akina mama wenye mafurushi kichwani na watoto wanaotoka shuleni. Mahali pengine barabara hupanda na kushuka kwa kasi, kama pale inapoupanda ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu. Mahali pengine, kadiri inavyolikaribia lango, ukungu hushuka na kufanya saa kumi na mbili ya asubuhi ifanane na usiku.

Katika barabara ya namna hiyo, chombo kisichotambulikana ni hatari kwa kila mtu, na hatari hiyo huwaangukia kwanza wale wanaotembea kwa miguu. Mtalii aliyeketi ndani ya gari lenye chuma pande zote hana sababu kubwa ya kuliogopa tela la pikipiki. Anayeliogopa ni mtoto wa shule. Anayeliogopa ni mzee anayeswaga punda wake, ambaye ubavu wa tela ukimkwaruza na kumwangusha, ataliona likitokomea kilimani bila ya kujua wa kumdai.

HOJA YA WANAOTAKA LIACHWE

Hoja inayosemwa mara nyingi dhidi ya kibao cha namba ni hii: mwenye tela ni mnyonge, amejitafutia riziki kwa akili na mikono yake, na kumdai namba ni kumwongezea mzigo. Hoja hiyo ina sura ya huruma, na kwa sababu hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima. Ni kweli kwamba tela hili ni kazi ya fundi wa kuchomelea vyuma, aliyetumia mabomba, tairi kuukuu na ubunifu. Ni kweli kwamba linamwondolea mkulima mdogo gharama ya kukodi gari zima kwa ajili ya magunia mawili. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka kazi hiyo ikomeshwe.

Lakini mnyonge ni nani katika habari hii? Je, ni mwenye pikipiki na tela peke yake? Yule aliyevunjwa mguu naye si mnyonge? Mkulima aliyekabidhi vitunguu vyake kwa dereva asiyemjua, akaambiwa vitafika sokoni, na visifike, naye si mnyonge? Huruma inayomwona mmoja na kuwafumbia macho wawili ni upendeleo uliovaa kanzu ya huruma. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Namba ndiyo daftari la barabarani. Pasipo namba hapana shahidi, na pasipo shahidi anayeshinda daima ni yule mwenye mbio.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba sheria ya bima ya vyombo vya moto, Sura ya 169, inamtaka mwenye chombo akikatie bima kwa ajili ya watu wengine anaoweza kuwadhuru. Bima hiyo haikuwekwa ili kuwatajirisha wenye makampuni. Iliwekwa ili aliyeumizwa apate wa kumfidia hata kama aliyemwumiza hana kitu mfukoni. Lakini mlango wa haki hiyo hufunguliwa kwa ufunguo mmoja, nao ni namba ya chombo. Kwa namba hutafutwa kama chombo kina bima. Kwa namba hutafutwa mwenye chombo. Kwa namba askari huangalia kama kuna faini isiyolipwa. Hata lile swali gumu, kama bima ya pikipiki inalihusu pia tela lililofungwa nyuma yake, haliwezi kuulizwa mpaka kwanza pikipiki yenyewe ijulikane. Aliyegongwa na kitu kisicho na namba ameachwa nje ya mlango, na mlango huo hakuufunga yeye.

HOJA YA WANAOTAKA LIKOMESHWE

Upande wa pili wamesimama wale ambao dawa yao kwa kila jambo jipya ni marufuku. Hao husema kwamba pikipiki haikuundwa kuvuta tela, kwa hiyo matela yote yakamatwe, yarundikwe uani kwa polisi, na mambo yaishie hapo. Hakika hayataishia hapo. Mkulima wa Mang'ola atakuwa bado ana vitunguu, na vitunguu vitakuwa bado vinaoza. Tela lililokamatwa mchana litatembea usiku. Na chombo kinachotembea usiku kwa kujificha, bila taa na bila namba, ni kibaya mara mbili kuliko kile kilichokuwa kikitembea mchana. Marufuku ya namna hiyo huzaa kitu kimoja tu kwa uhakika, nacho ni mlango wa rushwa: dereva ambaye hawezi kuwa halali hata akitaka, atatafuta namna ya kupita.

Historia ya karibuni inatoa fundisho. Pikipiki za kubeba abiria nazo zilianza bila ya sheria kuzitambua, na wapo waliodai zifutwe. Badala yake zilitungiwa kanuni mwaka 2010, zikapewa utaratibu wa leseni pamoja na bajaji, na leo usimamizi wa usafiri wa nchi kavu uko mikononi mwa LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Utaratibu huo una kasoro zake, lakini bodaboda amekuwa mtu anayeweza kuulizwa na kujibu. Tela lake liko wapi katika utaratibu huo? Limebaki nyuma, kama mtoto aliyesahauliwa kuandikishwa shule.

NAMBA YA NAMNA GANI?

Baada ya kukubali kwamba tela liwe na namba, litazuka swali ambalo ndilo kiini cha mjadala huu: namba ya nani? Wenye kupenda makaratasi watasema lisajiliwe kwa namba yake lenyewe, kama linavyosajiliwa tela la lori. Kila asomaye taarifa za ajali za barabarani amezoea kuona lori likitajwa kwa namba yake na tela lake kwa namba nyingine. Kwa lori utaratibu huo unafaa, kwa maana tela la lori ni mali kubwa, hubadilishana vichwa, huvuka mipaka na hubeba tani nyingi.

Kulichukua joho hilo la lori na kulivika tela la pikipiki ni kumvisha mtoto koti la babu yake. Fomu zile zile, ukaguzi ule ule na ada za namna ile ile kwa kitu kilichoundwa kwa mabomba na tairi mbili kuukuu zitamfanya mwenye tela aone kwamba ni nafuu kukimbia kuliko kutii. Sheria ambayo ni rahisi kuikwepa kuliko kuitii haijatungwa vizuri.

Njia iliyo bora ni nyepesi zaidi: tela libebe nyuma namba ile ile ya pikipiki inayolivuta. Si jambo la kubuni. Uingereza, nchi ambayo sheria zake ziliacha alama katika sheria nyingi za Afrika Mashariki, inalitaka tela la pikipiki lionyeshe namba ya pikipiki iliyo mbele yake. Ujerumani imelisamehe usajili tela la ekseli moja linalovutwa na pikipiki, lakini haikulisamehe kuirudia namba ya pikipiki. Nchi hizo hazikosi makaratasi wala makarani. Zimeona tu kwamba anayepaswa kujibu ni yule anayevuta.

Kwa utaratibu huo, kila mwenye pikipiki anayetaka kuvuta tela angepewa kibao cha pili, akakining'iniza nyuma ya tela lolote analolivuta siku hiyo, liwe lake au la kuazima. Tela likibadilisha pikipiki, kibao nacho kinabadilika. Lawama inabaki na dereva wala haimfuati mwenye tela aliyelala nyumbani kwake.

Litatolewa pingamizi, na si pingamizi la kupuuzwa: je, kibao cha pili hakitakuwa zawadi kwa wezi? Mtu atakichukua na kukibandika kwenye pikipiki ya wizi, kisha namba moja itakuwa na vyombo viwili. Jibu lipo. Kibao hicho kiandikwe neno TELA kwa herufi zisizofutika, na umbo lake lisilingane na la kibao cha pikipiki. Kikionekana kwenye pikipiki, hata mtoto atajua kwamba hapo pana jambo. Ama tela lenyewe, ili lisiibwe likapotea, fundi aliyeliunda alipige chapa yake na tarakimu kwenye chuma cha fremu, na mwenyewe aandike ubavuni jina lake na uzito wa juu unaoruhusiwa.

UZITO NAO UNA MANENO YAKE

Hapa ndipo namba inapofungua jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Uingereza hiyo hiyo imeweka kwamba tela la pikipiki lisizidi upana wa meta 1. Kwamba uzito wake pamoja na mzigo usizidi kilo 150 au theluthi mbili za uzito wa pikipiki, kwa kufuata kilicho kidogo. Na kwamba pikipiki inayovuta iwe na injini inayozidi ujazo wa sentimeta 125. Pikipiki nyingi za bodaboda nchini Tanzania zina injini ya ujazo wa 100 hadi 150. Pikipiki ya kilo 120, kwa kipimo hicho, ingevuta kilo 80 tu, tela likiwemo. Gunia moja la mahindi ni kilo 100. Maana yake ni kwamba kwa kipimo cha huko hata gunia moja lisingepanda.

Hakuna asemaye kwamba kipimo cha London kiwe msahafu wa Karatu. Lakini chuma hakijui mipaka ya nchi. Tela lisilo na breki, likiteremka kilima, huisukuma pikipiki. Breki ya nyuma huzidiwa, na dereva hubaki akimwomba Mungu. Mkulima wa vitunguu anaijua vizuri lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo ambalo serikali imelipiga vita kwa miaka mingi kwa kuwa linamwibia mkulima. Tela la pikipiki lililopakiwa kupita kiasi ni lumbesa ya barabarani, na hili huiba uhai.

Kazi ya kupata kipimo kinachofaa milima ya Tanzania haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Mjini Arusha, yapata kilometa 140 tu kutoka Karatu, ziko taasisi mbili za umma zilizoundwa kwa kazi za namna hii hasa: TEMDO, ya mwaka 1980, inayobuni mitambo, na CAMARTEC, ya mwaka 1981, inayoshughulikia zana za kilimo na ufundi wa vijijini. Taasisi hizo zina uwezo wa kutoa mchoro mmoja wa tela salama: kiungio kinachoruhusu pikipiki kulala kwenye kona bila kupinduka, springi, taa ya nyuma na vioo vya kuakisi mwanga, pamoja na uzito wa mwisho kwa kila ukubwa wa injini. Mchoro huo ugawiwe bure kwa mafundi wa kuchomelea. Fundi aliyeweza kuunda tela bila mchoro ataliunda vizuri zaidi akiwa nao.

Lakini vipimo vyote hivyo vitakuwa maandishi matupu iwapo tela halitambulikani. Askari aliyeliona tela lililozidi uzito likipita mbele yake atamwandika nani? Namba ndiyo inayotangulia. Mengine yote hufuata.

KIBAO KISIGEUZWE KODI

Limebaki neno moja kwa wale watakaopewa jukumu la kutekeleza. Wananchi wa vijijini wana kumbukumbu ndefu ya vibati na stakabadhi. Walilipa kodi ya kichwa. Walilipa kodi ya maendeleo hadi ilipofutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingi uliokuwa kero. Kwa hiyo kila wanaposikia kuhusu kibao kipya, huuliza kwanza ni shilingi ngapi. Hawana kosa kuuliza.

Serikali yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba chombo kinaweza kutambuliwa bila mwenyewe kukamuliwa. Mwaka 2017 ada ya leseni ya magari ya kila mwaka ilifutwa, na mapato yake yakahamishiwa kwenye mafuta. Mwaka 2021, katika bajeti, faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000 kwa kosa. Hatua hizo zilitokana na ukweli mmoja: anayedaiwa kisichowezekana hatalipa, na anayedaiwa kinachowezekana hana sababu ya kukimbia. Dereva anayevuta tela amekwisha kulipa kwenye mafuta anayoyanunua. Kibao cha pili basi kiwe kwa bei ya kibao tu, wala kisiongezewe ada ya kila mwaka.

Na kitolewe Karatu. Isiwe kwamba mtu wa Mang'ola au Endabash anafunga safari ya siku mbili kwenda Arusha kufuata kipande cha bati. Mamlaka ya Mapato, LATRA, Halmashauri ya Wilaya na askari wa usalama barabarani waketi meza moja siku za mnada, mahali ambapo wenye matela wapo tayari, wakague taa, waandike, watoe kibao. Iwekwe miezi ya kuelimisha kabla ya siku ya kwanza ya faini. Katika miezi hiyo askari awe mwalimu. Baada ya hapo, asiyekuwa na kibao asiwe na udhuru, awe dereva wa kawaida au awe mtumishi mwenye pikipiki tano anazozikodisha kwa vijana.

Habari ya ndani ya hifadhi, ng'ambo ya lango la Lodoare, ina mamlaka yake na taratibu zake, na hailazimu kuchanganywa humu. Lakini langoni pana fundisho dogo lililo wazi kwa kila mtu: hapo gari haliingii mpaka limejulikana ni lipi na ni la nani, na hakuna mtalii anayelalamika kwamba ameonewa. Ikiwa wanyama wa Ngorongoro wanastahili kulindwa kwa kujua ni nani anayeingia kwao, basi mtoto wa Karatu anayetembea kando ya lami kwenda shule anastahili kulindwa kwa kujua ni nani anayempita.